Mzaha wa Mick Tattersall

Noreen alijua kuna jambo pale alipomkuta mumewe anapiga pasi suruali. Clive Ackroyd hakuwahi kushika pasi tangu waoane, na sasa alikuwa amesimama jikoni, kaegemea mguu wake mzima, anaikandamiza ile suruali ya kijivu aliyonunuliwa kwa ajili ya arusi ya binti yao.

"Nani kafa?" Noreen akauliza, akitua mfuko wa viazi mezani.

"Hajafa mtu."

"Basi unakwenda wapi?"

"Klabu. Jumapili mchana. Kuna karamu."

"Karamu ya nani?"

Clive akaigeuza suruali upande wa pili. "Barry katupa meza ya mbele. Mimi na wewe."

"Nimeuliza karamu ya nani, Clive."

"Mick Tattersall anakuja kuzungumza."

Noreen akachomoa waya wa pasi ukutani.

Karamu zile alizijua. Kila mji wa kaskazini ulikuwa nazo. Wanaume mia wanajibana katika ukumbi wa klabu, wanakula pai ya nyama, wanakunywa bia mpaka mashavu yawaive, kisha mchezaji mmoja wa zamani anapewa maikrofoni awachekeshe. Wako waliostaafu soka wakafungua maduka, wako walioendesha teksi. Mick Tattersall alikuwa na baa, akainywa yote mwenyewe, halafu akagundua kuwa ana mdomo. Huu ulikuwa mwaka wa thelathini anakula kwa mdomo huo. Na katikati ya hadithi zake, pale watu wanaposhika mbavu, ndipo ulipokuwa mguu wa Clive.

"Huendi," Noreen akasema.

"Nimeshakubali."

"Basi kakatae. Simu ile pale."

"Noreen, chomeka pasi."

"Umepata wazimu? Yule mtu alikuvunja, akakutoa kazini, na mpaka leo anawauzia watu kicheko juu yako kwa sahani. Wewe unampigia pasi suruali!"

Clive hakujibu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake tangu ujana: ukimpigia kelele ananyamaza, mpaka unajiona wewe ndiye kichaa.

Aliingia Aldersyke Town akiwa na miaka kumi na mitano. Siku zile kijana wa klabu hakuanza na mpira. Alianza na ufagio. Alisugua viatu vya wakubwa, akafagia majukwaa kila Jumatatu, na wakati wa kiangazi, wenzake wakiwa mtoni, yeye alikuwa anapaka rangi vyuma vya uzio. Miaka minne ya hayo, kisha wakampa jezi namba kumi na moja. Ilikuwa Daraja la Tatu tu, na mechi zikiisha alirudi nyumbani kwa basi pamoja na watu waliotoka kumshangilia au kumtukana. Ndani ya basi hilo ndimo Noreen alimokutana naye. Wakati huo alikuwa anauza mikate, na mzee mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa anamfokea Clive kwa krosi aliyoikosa. Noreen akamgeukia yule mzee akamwambia afunge kinywa, mtu kachoka. Clive akaona haya mpaka masikio.

Wakaoana. Klabu ikawapa nyumba, kama ilivyokuwa desturi: nyumba ni ya klabu, unakaa maadamu unacheza. Watu walianza kusema kwamba klabu kubwa zinamtuma mtu kuja kumwangalia yule winga wa Aldersyke. Clive mwenyewe hakusema kitu.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya Februari, mechi dhidi ya Wexley Rovers, uwanja wote tope. Noreen alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa ameshuka nyuma ya jukwaa kununua chai. Hakuona kitu. Alichokisikia ni watu elfu sita wakinyamaza kwa pamoja, na hapo akaiacha chai palepale kaunta.

Beki wa Wexley aliitwa Mick Tattersall. Mguu wa kulia wa Clive ulivunjika pawili, kifundo kikapinda, na madaktari wa siku zile wakauunga walivyoweza. Hakucheza tena. Mwezi wa sita akaja mtu wa klabu, mpole, kofia mkononi, akasimama mlangoni akauliza kwa adabu watahama lini, maana winga mpya anafika mwezi ujao naye ana familia. Clive alikuwa kakaa kwenye kochi, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka pajani. Noreen alikuwa na mtoto mchanga begani. Akamwambia yule mtu aingie ndani ambebe Clive mwenyewe kama ana haraka. Mtu akaondoka. Wiki iliyofuata walihamia chumba cha mbele nyumbani kwa mama yake Noreen, wakaishi humo miaka mitano.

Clive akapata kazi kiwandani, kukagua biskuti, kwa sababu ilikuwa kazi ya kukaa. Kiwanda kilipofungwa akawa mtu wa kuvusha watoto barabarani asubuhi na mchana, na koti lake la manjano na kibao chake cha kusimamisha magari. Noreen akapika katika shule hiyohiyo. Mick akacheza miaka mingine minane, akawa nahodha.

Ule mzaha Noreen aliusikia kwa mara ya kwanza kazini. Dereva wa maziwa aliona jina lake kwenye aproni akaanza kucheka peke yake. "Ackroyd? Wewe siyo mke wa yule aliyepita kwa mafungu?" Noreen hakuelewa. Dereva akamsimulia mzaha wote, amefurahi, kana kwamba anampa zawadi. Alipomaliza Noreen akammwagia kreti ya maziwa miguuni. Akakatwa mshahara, na hakujuta.

Sasa akaketi mezani, akaanza kumenya viazi kana kwamba vimemkosea.

"Nipe sababu moja," akasema. "Moja tu ya maana."

"Watoto ninaowavusha hawajui kama niliwahi kucheza," Clive akasema. "Baba zao hawajui. Hata wale wanaokwenda uwanjani kila Jumamosi. Mick ndiye mtu pekee anayelitaja jina langu."

"Analitaja kama anavyotaja choo!"

"Analitaja."

Noreen akamtazama. Akaona hatamweza. "Sawa," akasema. "Nitakupeleka, maana kukanyaga breki kwa mguu huo huwezi na basi la Jumapili halina uhakika. Lakini akianza ule upuuzi wake, nainuka."

"Utakaa."

"Nitainuka, Clive. Usije ukasema hukuambiwa."

*

Barry Holroyd, katibu wa klabu, aliwapokea mlangoni mikono wazi. "Noreen! Mrembo wangu!"

"Mimi si mrembo wako, Barry. Koti niweke wapi?"

Ukumbi ulikuwa umejaa, na wanawake waliokuwamo, ukiondoa waliobeba sahani, hawakufika kumi. Pai ilikuja na chipsi na njegere zilizopondwa, na mchuzi wenye madonge. Noreen akaukoroga kwa uma. Angewapelekea watoto wa shule mchuzi ule, angefukuzwa kazi. Clive alikula haraka, akifuta mdomo kila mara, macho mlangoni kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima.

Mick aliingia watu wakiwa katikati ya pai. Mkubwa, nywele kazipaka rangi nyeusi, magoti yote mawili ya bandia. Akapita meza kwa meza akipigapiga watu migongo, na alipofika kwa Clive akamshika kichwa kwa mikono miwili akambusu utosini.

"Mwanangu! Bado unapumua?"

"Kidogo kidogo," Clive akasema, uso wote unang'aa.

"Na mama mwenye nyumba naye kaja! Bado una hasira na mimi, Noreen?"

"Pai yako inapoa, Mick."

"Ana hasira," Mick akaiambia meza nzima. "Nampenda mwanamke anayetunza vitu."

Meza ikacheka. Clive akacheka pia. Noreen akamkanyaga chini ya meza, lakini akakosea akakanyaga ule mguu mbovu. Clive akakunja uso.

Ikaja bahati nasibu ya nyama. Barry akasimama na sinia limefunikwa plastiki: soseji, mbavu za nguruwe, figo, na kuku mzima. Akasoma namba. Aliyeshinda alikuwa jamaa mmoja mnene wa meza ya nyuma, na ukumbi ukamzomea kwa shangwe.

"Mpeni mwenye njaa!"

"Huyo ameshakula kuku wake kabla hajaja!"

"Figo peleka kwa mkeo, labda atakurudia!"

Kisha taa zikapunguzwa kidogo, na Mick akapanda jukwaani na bia yake.

Noreen alikubali moyoni, kwa uchungu, kwamba mtu alikuwa anajua kazi yake. Aliwachekesha na kocha mlevi, na kipa aliyesahau meno uwanjani, na safari ya kwenda kucheza kisiwani ambako waliishia kituo cha polisi. Jamaa mmoja karibu na Noreen alilia machozi. Halafu Mick akashusha sauti, na wanaoijua hadithi wakaanza kugongana viwiko.

"Sasa. Winga wa Aldersyke. Clive Ackroyd." Watu wakapiga meza. "Huyu mtu alikuwa na kasi, mabwana. Ukimwangalia unapata mafua kwa upepo wake. Kocha wangu ananiita pembeni ananiambia, Mick, huyo mtu asipite. Nikamuuliza, bosi, je, akilazimisha kupita? Akafikiri. Akaniambia: basi apite kwa mafungu!"

Ukumbi ukalipuka.

"Nikamfuata. Tope mpaka hapa. Nikaruka. Nilipofumbua macho, refa kasimama juu yangu. Ananiuliza, Tattersall, mpira uko wapi? Nikamwambia, refa, usiniulize mimi, mara ya mwisho nilikuwa nao asubuhi!"

Noreen akageuka kumtazama mumewe, na alichokiona kilimuumiza kuliko mzaha wenyewe. Midomo ya Clive ilikuwa inacheza. Alikuwa anaufuatisha, neno kwa neno, kama mtu anayeijua sala.

"Refa akaandika jina langu. Nikamwambia liandike vizuri, mama yangu huyakusanya!" Mick akangoja kicheko kitulie. "Mabwana, kuna watu wanasema natia chumvi. Miaka thelathini wananiita mwongo. Basi leo nimekuja na ushahidi! Clive, mwanangu, panda."

Clive akainuka.

"Unakwenda wapi?" Noreen akamshika shati.

"Mara moja tu."

"Mlipanga hili? Clive! Mlipanga?"

Akajinasua taratibu, akapanda ngazi tatu za jukwaa, mguu mmoja mmoja, ameshika chuma. Ukumbi ulikuwa unampigia makofi ya mpigo mmoja. Akakaa kwenye kiti alichowekewa, akainama, akaanza kuikunja ile suruali juu. Noreen sasa alijua ile pasi ilikuwa ya nini.

Mguu ukatokea mweupe mbele ya taa. Kutoka gotini ulikuwa umesinyaa, mwembamba kama mkono, na katikati umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Kovu lilishuka mpaka kwenye soksi, na kiatu cha kisigino kinene kilikuwa kimeangalia pembeni.

"Mama yangu!" mtu akapaza sauti. "Huo mguu au mpini wa mwavuli?"

"Unaning'iniza koti hapo!"

"Clive, ukitembea unafika unakokwenda au unazunguka?"

Mick akaushusha mkono akaugonga mfupa kwa maikrofoni, na spika zikatoa mlio, kong, kong. "Kazi ya fundi," akasema. "Dhamana ya maisha."

Noreen alikuwa ameshainuka. Hakukumbuka baadaye kama alipita kwenye ngazi au wapi. Alichokumbuka ni kupiga magoti mbele ya mumewe, magoti yake mwenyewe yakilia, na kuishika ile suruali kuivuta chini. Akaifunika soksi. Akainyoosha kwa kiganja.

"Noreen! Ngojeni mfike nyumbani!" mtu akapiga mluzi, na kicheko kikapanda tena.

"Kaa chini, Noreen," Clive akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Noreen akasimama akampokonya Mick maikrofoni. Mick alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni sehemu ya burudani.

"Nina swali," Noreen akasema. Sauti yake ikatoka kubwa, ikamshtua mwenyewe. "Mguu wa mume wangu mnaujua. Hata ambao hamkuwa mmezaliwa mnaujua. Haya. Nitajieni kitu kimoja alichofanya kabla ya siku ile. Goli moja. Krosi moja. Chochote."

Watu wakatazamana.

"Kwa kicheko mna mdomo. Nangoja."

"Noreen, mpenzi," Barry akaanza.

"Haya, wewe. Katibu wa klabu. Picha zimejaa ukutani hapo nyuma yako, sijaona yake hata moja. Alikuwa mchezaji wa namna gani?"

"Mzuri," Barry akasema. "Alikuwa mzuri sana."

"Mzuri vipi?"

Barry akazigeukia picha za ukutani.

"Sisi hatukuwapo, mama," kijana mmoja akasema kutoka pembeni, tena kwa adabu.

"Lakini mnacheka kama mliokuwapo! Watu wazima na ndevu zenu. Mmelipa mje mchungulie suruali ya mtu anayewavusha watoto wenu barabarani asubuhi kwenye baridi, na hakuna mmoja, hakuna hata mmoja, anayejua alikuwa nani!"

Jikoni mtu aliangusha kijiko kikasikika.

"Alikuwa anashusha bega la kushoto."

Noreen akageuka. Aliyesema alikuwa Mick, bila maikrofoni. Alikuwa haangalii watu, anaangalia sakafu ya jukwaa.

"Alikuwa anashusha bega," Mick akarudia, "halafu anapita kulia. Kila mara hivyohivyo. Tulijua. Kocha alinifundisha wiki nzima: bega likishuka, usiende. Ukifika uwanjani, bega linashuka, unajiambia usiende, usiende, na mwili wako umeshakwenda. Siku ile alinipita mara mbili. Ya pili nilianguka kwa makalio wala hajanigusa. Baba yangu alikuwa jukwaani, na hata yeye alicheka." Akajikuna shingo. "Nilicheza miaka kumi na mitano. Sikuona mwingine kama yeye."

Kisha mzee mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, mpaka ukumbi wote ukawa umesimama. Clive alikaa palepale kwenye kiti chake, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa kama wa yule kijana wa kwenye basi.

Noreen hakupiga makofi. Miaka yote hii alikuwa amengoja mtu aseme maneno yale, mtu yeyote chini ya jua, na yametoka kwenye kinywa kile. Hata hilo Mick alikuwa nalo mfukoni miaka thelathini, akaona halifai kuuzwa.

Na Mick, kwa kuwa ni Mick, akairudisha maikrofoni mkononi mwake polepole. "Basi, mabwana," akasema, "sasa mmeona kwa nini nilihitaji msumeno!"

Ukumbi ukacheka kwa nguvu kuliko mwanzo, kicheko cha watu waliofunguliwa mlango. Noreen akashuka, akachukua koti lake, akatoka.

*

Mvua ilikuwa inanyesha kwenye maegesho. Akakaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akawatukana mmoja mmoja kwa majina. Alipomfikia Barry kwa mara ya pili, akawaona wanakuja: Clive akichechemea, Mick akimshikia mwavuli juu ya kichwa.

Mick akagonga kioo. Noreen akakishusha nusu.

"Noreen, ile ilikuwa dhahabu," Mick akasema. Macho yalikuwa yanawaka. "Haki ya Mungu. Wewe kupiga magoti, ile suruali, halafu unawageukia. Nimefanya kazi hii miaka yote sijaona ukumbi umeshikwa vile. Na mimi nikaingia na bega. Umeona walivyosimama? Mwezi ujao niko Wexley, ukumbi mkubwa kuliko huu mara mbili. Njooni wote wawili. Tutafanya vilevile."

"Vilevile nini?"

"Vilevile kama leo. Unapanda, unakasirika..."

"Mick," Noreen akasema, "toka mbele ya gari langu kabla sijakuvunja hayo magoti ya plastiki."

Mick akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Hata hilo linafaa!" Akampa Clive mwavuli, akampiga begani, akarudi ndani akikimbiakimbia kwenye mvua kama mtu aliyeokota kitu.

Clive akaingia garini. Wakaondoka. Walipita kiwanda cha biskuti, ambacho sasa kilikuwa nyumba za watu wenye pesa, wakapita kanisa, wakafika kwenye mzunguko wa barabara.

"Nataka kwenda," Clive akasema.

"Wapi?"

"Wexley."

Noreen akapiga usukani, honi ikalia, mwenye baiskeli akawatazama vibaya. "Wewe mtu una nini! Kakugonga mfupa kwa kipaza sauti kama anajaribu tikiti! Nimejidhalilisha mbele ya mji mzima kwa ajili yako!"

"Sikukuomba."

"Nini?"

"Sikukuomba unikasirikie, Noreen. Miaka yote hii. Sikuwahi kukuomba."

"Nani angekasirika? Wewe ulikuwa unacheka!"

"Ndiyo. Nilikuwa nacheka." Akautazama mwavuli uliokuwa unamwagia maji viatu vyake. "Na tena kakosea."

"Nani?"

"Mick. Eti nilimpita mara mbili. Zilikuwa tatu."

"Haya, tatu. Itakusaidia nini?"

"Ya tatu ndiyo ile."

"Ile ipi?"

"Ile." Akagonga goti lake. "Nilikuwa nimeshapita. Bega, kulia, nimemwacha. Mpira uko mbele yangu, kipa anatoka langoni, nimeshachagua kona ya kuuweka. Alinijia kwa nyuma. Hakunizuia, Noreen. Hakuna mafungu wala nini. Nilipita mzima."

Noreen akasimamisha gari pembeni, nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Mtu wa nyuma akapiga honi.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza?"

Noreen alikuwa ameupaka mguu ule dawa, ameukanda, ameufunga vitambaa vya moto usiku wa baridi, amegombana kwa ajili yake na madaktari, na klabu, na dereva wa maziwa. Leo amewauliza watu mia swali ambalo yeye mwenyewe, ndani ya nyumba, hakuwahi kuliuliza. Alipokwenda kununua chai, kumbe hakurudi tena kuangalia mpira. Aibu ikampanda usoni, na kwa kuwa hakujua la kuifanya aibu, akaikasirikia.

"Mwongo mkubwa yule," akasema. "Mwongo, mwizi! Miaka thelathini anawaambia watu hukupita!"

"Ndiyo kazi yake."

"Wexley ni lini?"

"Noreen..."

"Lini, Clive?"

"Jumapili ya kwanza ya mwezi."

"Suruali haipandishwi."

"Haipandishwi."

"Na mimi sipigi magoti kwa mtu. Akifika pale kwenye mafungu, unamkata. Palepale, kabla hawajacheka. Utasema nini?"

Clive akakuna kidevu. "Nitamwambia kwamba nilikuwa nimeshapita."

"Hivyo? Kwa sauti hiyo ya kuongea na paka? Watakumeza. Sema tena."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Unataka nikukodie ukumbi? Sema."

Clive akajiweka sawa kwenye kiti. Akakohoa. Bega lake la kushoto likashuka kidogo, lenyewe, kabla hajafungua kinywa.

"Nilikuwa nimeshapita, Mick."

"Sijasikia," Noreen akasema, akawasha gari. "Tena."